Kukopeshana mtu kwa mtu: je, ni biashara ya kudumu? Funzo kutoka Chebunyo

Hapa kwetu pwani swali hili limekuwa la kila siku. Mstaafu wa bandari aliyepata kiinua mgongo chake, mama aliyefikiwa na zamu yake ya mchezo, kijana aliye Muscat au Doha anayetaka pesa yake izae nyumbani, wote wanaambiwa maneno mamoja. Usiiweke pesa benki ikalala. Ikopeshe. Kuna mtandao utakaokuunganisha na mkulima wa bara. Yeye ana ng'ombe, wewe una shilingi, na faida mtagawana bila benki kuwala nyote wawili.

Maneno ni matamu. Badala ya kuyajibu kwa nadharia, nitayapeleka mahali pamoja, Chebunyo katika kaunti ya Bomet, ambako nimefika na ambako mkopaji wa aina hiyo anaishi kweli. Jibu langu nalitanguliza ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Kukopeshana ni jambo la kudumu, lilikuwepo kabla ya benki na litabaki. Lakini mtandao wa kuwakopeshanisha watu wasiojuana, kwa ahadi ya faida kwa mkopeshaji mdogo, ni biashara ambayo hata wakubwa wake wengi wameiacha. Sababu kubwa ni moja: kazi ya mtu wa kati haiondoki. Inahama tu, na mara nyingi inamhamia mkopeshaji bila yeye kujua.

Ni mkopo wa namna gani huu?

Benki hupokea amana za wengi na kuzikopesha kwa wengine. Mwenye amana hamjui mkopaji wala hana haja ya kumjua. Mkopaji akikimbia, hasara ni ya benki, na amana yako unaidai kama kawaida.

Katika mkopo wa mtu kwa mtu, jukwaa la mtandaoni huweka maombi ya wakopaji mbele ya watu wenye pesa. Ukilipenda ombi, unachangia sehemu yake, na wengine wanachangia sehemu zilizobaki mpaka mkopo utimie. Jukwaa hukata ada. Mkopaji akilipa, unarudishiwa mtaji na faida kidogo kidogo. Asipolipa, hasara ni yako. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Sasa tuangalie benki ilikuwa ikifanya nini pale katikati, kwa sababu wengi hudhani inakula tu. Ilikuwa na kazi nne. Ya kwanza ni kumjua mkopaji: anaishi wapi, anapata nini, ana madeni mangapi. Ya pili ni kumfuata anapochelewa. Ya tatu ni kubeba hasara. Ya nne ni kukuwezesha kutoa pesa zako leo ukiugua, ingawa mkopaji amepewa mwaka mzima wa kulipa. Jukwaa likisema limemwondoa mtu wa kati, uliza kazi hizi nne sasa ni za nani.

Chebunyo na mfuko wa mfugaji

Mtu wa pwani akisikia Kericho na Bomet hufikiria chai, na hakosei. Majani yanayochumwa kule huishia hapa. Mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya mkulima mdogo wa Konoin huuzwa katika mji wetu, kwa dola. Lakini Chebunyo yenyewe iko Chepalungu, upande wa chini wa kaunti, kuelekea Narok. Huko joto ni zaidi na mvua ni haba kuliko kwenye milima ya chai. Mahindi na ng'ombe wa maziwa ndio wanaoshika nafasi.

Asubuhi pikipiki hupita zikiwa na mitungi ya maziwa. Maziwa hupimwa, huangaliwa kama yametiwa maji au yameanza kuharibika, kisha humiminwa kwenye tangi la kupoozea. Mfugaji halipwi hapo hapo. Ushirika huandika lita zake kila siku, na mwisho wa mwezi humlipa kwa pamoja, baada ya kukata alichochukua: chakula cha ng'ombe, dawa, huduma ya kupandisha kwa mrija, au mkopo. Makato hayo ndiyo moyo wa habari yetu, na nitayarudia.

Kwanza tupige hesabu ya mfugaji, kwa mfano wa kubuni lakini usio mbali na uhalisi. Ana ng'ombe mmoja anayetoa lita 8 kwa siku. Lita 2 zinabaki nyumbani, 6 zinauzwa kwa shilingi 45. Hiyo ni shilingi 270 kwa siku, au 8,100 kwa mwezi. Anakopa shilingi 30,000, alipe 3,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja, jumla 36,000. Kwenye karatasi anaweza, tena anabakiwa na zaidi ya 5,000.

Kisha kiangazi kinaingia. Nyasi zinakauka, maziwa yanashuka hadi lita 3, na baada ya watoto kunywa inauzwa lita 1 tu. Hiyo ni shilingi 1,350 kwa mwezi mzima. Juu ya hapo, ng'ombe mwenye mimba hukaushwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na kwa miezi hiyo miwili hauzi hata tone. Lakini kule mtandaoni tarehe ya malipo haijui kiangazi wala mimba ya ng'ombe. Mtu mwaminifu kabisa anaandikwa kuwa mdaiwa sugu.

Mkulima wa chai naye ana kalenda yake. Hulipwa kiasi kidogo kwa kila kilo ya majani mwezi hadi mwezi, na malipo makubwa, yale wanayoyaita bonasi, huja mara moja kwa mwaka baada ya hesabu za viwanda kufungwa mwezi Juni. Anayemkopesha mkulima wa chai na kumdai kila wiki hajaijua chai.

Waliokuja kukopesha kwa mtandao

Wazo la kuwafikia wakopaji wadogo kwa mtandao lina mizizi hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 Matt Flannery na Jessica Jackley, Wamarekani wawili, walianzisha Kiva kwa mikopo ya wafanyabiashara wachache wa Tororo, Uganda. Mtu popote duniani angeweza kutoa dola 25 kwa mtu aliyemwona pichani. Tangu hapo zaidi ya dola bilioni 2 zimepita katika mtandao huo, na Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zenye wakopaji wengi.

Lakini tazama vizuri. Mkopeshaji wa Kiva hapati faida yoyote. Akirudishiwa, anarudishiwa dola zake zile zile. Na mwaka 2009 mtafiti David Roodman alieleza hadharani jambo ambalo wakopeshaji wengi hawakulijua: mara nyingi mkopaji uliyemchagua pichani alikuwa ameshapewa pesa na shirika la mikopo la nchini mwake, na dola zako zilikwenda kulijazia shirika hilo. Kiva ikarekebisha maelezo yake. Shirika hilo la nchini humtoza mkopaji riba, kwa sababu lina maofisa wanaopanda pikipiki kumjua, kumtembelea na kumdai. Nchini kwetu mfano ni Juhudi Kilimo, iliyojitenga na K-Rep na kujikita katika kukopesha ng'ombe wa maziwa wenye bima. Kwa hiyo mtu wa kati hakuondoka. Alisogezwa nyuma ya pazia.

Palikuwa na majaribio ya kumwondoa kweli. Mwaka 2011 Kiva ilianzisha tawi lililoitwa Kiva Zip, Kenya na Marekani, ambamo pesa zilikwenda moja kwa moja kwa mkopaji, kwa Kenya kupitia M-Pesa, bila riba, mdhamini akiwa mtu au kikundi kinachomfahamu. Upande wa Kenya ulifungwa baada ya miaka michache. Naye Julia Kurnia alianzisha Zidisha mwaka 2009, jina la Kiswahili kabisa, ili mkopaji wa Kenya na wa nchi nyingine aongee na mkopeshaji wake bila shirika katikati. Gharama ilishuka sana kwa mkopaji. Lakini pasipo ofisa wa kugonga mlango, wasiolipa ni wengi kuliko kule penye ofisa, na Zidisha imelazimika kukaza masharti: mkopo wa kwanza uwe mdogo sana, na uongezeke kwa kadiri ulivyolipa.

Siwalaumu. Kiva na Zidisha ni mashirika yasiyotafuta faida, na yamewafaa watu wengi. Ila anayekuambia kuwa mafanikio yao yanathibitisha biashara, mkumbushe kuwa mkopeshaji wa Kiva anajua hatapata faida. Huo ni wema, na wema hauhitaji hesabu ya faida ili uendelee. Biashara inaihitaji.

Hesabu ya mkopeshaji

Tuseme una shilingi 500,000. Unazigawa kwa wakopaji 100, kila mmoja 5,000 kwa mwaka, kwa faida ya asilimia 12. Kila anayelipa anarudisha 5,600. Wote wakilipa unapata 560,000.

Kumi wasipolipa kabisa, unapata 504,000. Umehangaika mwaka mzima kwa shilingi 4,000, kabla ya ada ya jukwaa na gharama za kutuma pesa. Akiongezeka mmoja, wakawa 11, unapata 498,400, umeingia hasara. Kumbe faida yote ya asilimia 12 inaliwa na watu 11 katika 100. Ukipandisha faida hadi asilimia 20, unaweza kuwavumilia watu 16 wasiolipa. Wa 17 anakutia hasara. Lakini ukipandisha bei ya mkopo, wale waangalifu wanakwenda kukopa ushirika, na wanaobaki kwako ni wale waliokataliwa kwingine. Kwa hiyo idadi ya wasiolipa nayo inapanda.

Kuna mshindani mwingine anayesahaulika, Serikali. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2024 hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Hakuna mfugaji wa kumfuata wala kiangazi. Viwango hivyo vimeshuka baadaye, lakini funzo linabaki: faida ya kumkopesha mtu usiyemjua lazima iwe kubwa sana ndipo ilingane na usumbufu wake, na mfugaji wa lita 6 hawezi kuilipa.

Kwa jamaa zetu walio ughaibuni kuna mtego wa tatu. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa karibu 129. Miaka iliyotangulia mwendo ulikuwa kinyume, shilingi ikiporomoka mwaka baada ya mwaka. Aliyekopesha kwa dola na kurudishiwa kwa shilingi zilizoshuka alipoteza hata pale ambapo mkopaji wake alilipa kila senti.

Yaliyowapata wakubwa

Msomaji anaweza kusema: hiyo ni Kenya, penye mashamba yasiyo na hati na watu wasio na mshahara. Tutazame basi kule ambako kila mtu ana anwani na rekodi ya mikopo.

Zopa ya London, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza duniani katika kazi hii. Mwaka 2020 ilipata leseni kamili ya benki, na Desemba 2021 ikafunga kabisa upande wa mtu kwa mtu. LendingClub ya Marekani ilikuwa kubwa kuliko zote nchini humo. Hisa zake ziliingia sokoni mwaka 2014. Mwisho wa 2020 iliwafungia mlango wakopeshaji wadogo, na mwanzoni mwa 2021 ikanunua benki. Funding Circle ya Uingereza nayo iliacha kuchukua pesa za watu binafsi mwaka 2022. Wakubwa hawa watatu walianza kwa kusema benki haihitajiki. Wawili wakawa benki wenyewe, na wa tatu akaanza kutegemea pesa za mashirika makubwa.

China mambo yalikuwa mabaya zaidi. Majukwaa yalifika maelfu. Moja lao, Ezubao, lilianza mwaka 2014 na kufikia mwisho wa 2015 lilikuwa limekusanya takriban yuan bilioni 50 kutoka kwa watu wapatao 900,000. Sehemu kubwa ya miradi iliyotangazwa haikuwepo. Pesa za waliofuata zilikuwa zikiwalipa waliotangulia. Mwenye jukwaa alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017. Serikali ikakaza sheria, na Novemba 2020 ikatangaza kuwa hakuna jukwaa hata moja lililobaki likifanya kazi.

Hapa Kenya tunaye Pezesha, iliyoasisiwa na Hilda Moraa mwaka 2017 kama soko la kukopeshana kwa simu. Mwaka 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliipokea katika mpango wake wa majaribio, na mwaka uliofuata ikairuhusu kuendelea. Pezesha ipo na inafanya kazi. Lakini imegeuka: sasa inafikisha mitaji ya taasisi kwa wafanyabiashara wadogo, ikipitia kampuni zinazowauzia bidhaa na hivyo kuziona hesabu zao. Nalo hilo ni jibu la swali letu. Walioishi ni wale waliosogea karibu na mahali mkopaji anapopatia pesa, na wakaacha kutegemea pesa ya mtu mmoja mmoja.

Sheria inasemaje

Programu za mikopo za simu zilienea Kenya baada ya M-Shwari ya mwaka 2012, nyingine zikiwapigia simu wazazi na mabosi wa wadaiwa ili kuwaaibisha. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022 ziliwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Septemba 2022 Benki Kuu ilitangaza kuwa kati ya waombaji 288, waliopata leseni walikuwa 10 tu. Idadi imeongezeka tangu hapo, na orodha yao hutangazwa hadharani.

Msomaji aangalie tofauti hapa. Leseni hiyo inamlinda zaidi mkopaji asitukanwe wala kudhulumiwa. Haina maana kwamba mtu aliyetoa pesa zake kupitia jukwaa atalipwa na Benki Kuu mkopaji akikimbia. Hata kinga inayolinda amana za benki, yenye kikomo cha shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja, haigusi pesa ulizomkopesha mtu.

Kilichodumu Chebunyo

Sasa turudi kwenye makato. Mfugaji wa Chebunyo anapochukua gunia la chakula cha ng'ombe kwa ushirika, hakuna anayempigia simu kudai. Mwisho wa mwezi deni limekatwa kabla pesa hazijafika mkononi. Lita zikishuka, karani anaziona siku hiyo hiyo, na kamati inaweza kusogeza makato hadi mvua irudi, maana wenye kuamua nao wana ng'ombe na kiangazi chao ni kile kile. Kazi zile nne zote zinafanywa, na gharama yake ni ndogo kwa kuwa mizani na daftari vipo kwa ajili ya maziwa hata pasipo mkopo. Kwenye milima ya chai ni hivyo hivyo: mikopo ya Greenland Fedha, kampuni tanzu ya KTDA, hulipwa kutokana na malipo ya majani.

Sisemi kuwa ushirika ni malaika. Mfugaji mwenye deni kubwa huanza kumuuzia mchuuzi anayelipa taslimu barabarani, hasa kiangazi bei inapopanda, ili kukwepa makato. Wa chai humuuzia broka. Na kamati mbaya inaweza kula pesa za wote kwa usiku mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na tumeona vyama vingi nchini vikifa kifo hicho. Lakini haya ni maradhi yanayoonekana. Mwanachama anaweza kusimama kwenye mkutano wa mwaka akauliza. Mkopeshaji wa mtandaoni atasimama wapi?

Kuna jambo la kale zaidi. Wakipsigis wana desturi waiitayo kimanagan: mwenye ng'ombe wengi humkabidhi rafiki ng'ombe amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa, mwenyewe hubaki na haki ya ng'ombe na ndama. Ukame au ugonjwa ukipiga boma moja, mali haijaisha yote. Huo ndio mkopo wa mtu kwa mtu, umekuwepo tangu kabla ya reli, na umesimama juu ya vitu viwili: watu wanajuana, na hasara ya bahati mbaya haiwekwi yote juu ya aliyepokea.

Nasi pwani tunayo yetu. Tippu Tip alikwenda bara kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa Taria Topan wa Unguja, na biashara hiyo, pamoja na maovu yake yote, iliwezekana kwa sababu pembe zilikuwa lazima zipite Unguja ndipo zipate soko. Mwenye mali alijua pa kumsubiri mdaiwa wake. Katika zama zetu, CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa eneo la Jozani, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mtindo uliobuniwa Niger mwaka 1991: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwisho wa mwaka kila mtu hugawiwa chake. Mradi ulipokwisha vikundi viliendelea, na wanakijiji wakawafundisha wenzao kuanzisha vingine. Mama zetu wa mchezo hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Na riba je?

Wengi wa wasomaji wa hapa wataniuliza hili, na ni haki yao. Hukumu nawaachia mashekhe. Mimi nazungumzia hesabu tu. Mkopo mwema usio na ziada, kama ule wa Kiva, ni msaada, na mtoaji autoe akijua hivyo. Asiutie kwenye mpango wa kulea familia. Mudharaba, ambapo mwenye mali na mtendaji hugawana faida na hasara ya mtaji ni ya mwenye mali, unafanana na kimanagan kuliko unavyofanana na programu za simu. Lakini nao unataka hesabu ya kweli ya biashara ya yule mtendaji, lita kwa lita. Mtu aliye Mombasa ataijuaje hesabu ya zizi la Chebunyo bila mtu wa pale wa kuiandika? Tunarudi kwa mtu wa kati. Kuondoa riba hakumwondoi karani.

Kabla hujatoa pesa

Ukiletewa jukwaa la kukopeshana, uliza haya. Nani amemwona mkopaji kwa macho, na anaishi umbali gani naye? Pesa ya kulipa inatoka wapi, na kuna anayeikata kabla mkopaji hajaishika? Ratiba ya malipo inafuata mavuno au inafuata kalenda ya jukwaa? Akishindwa, hasara ni yangu peke yangu, au jukwaa nalo linaumia? Wasiolipa mwaka jana walikuwa wangapi katika kila mia? Nikitaka pesa zangu katikati ya mwaka, nitazipata? Jukwaa likifungwa kesho, deni langu linabaki na nani, na kwa karatasi gani? Ukijibiwa kwa picha za ng'ombe na ushuhuda wa waliofaulu, hujajibiwa.

Na kama faida uliyoahidiwa ni kubwa, tena haishuki mwezi wa kiangazi, jiulize inatoka kwa ng'ombe yupi.

Mwenye pesa anayetaka zimfae mfugaji na zimrudie yeye ana njia za kawaida zisizo na mbwembwe: hisa na akiba katika chama cha ushirika kilichosajiliwa na kinachokaguliwa, au kikundi cha watu anaowajua chenye daftari linalosomwa mbele ya wote. Faida yake ni ya wastani, na mwaka wa ukame inapungua. Naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa faida yote hiyo inatoka kwenye maziwa yale yale, na maziwa yana mwaka mzuri na mwaka mbaya.

Anayetaka kumsaidia mtu asiyemjua kupitia mtandao asizuiwe. Atoe kiasi ambacho kisiporudi hakitamlaza njaa, na akihesabu kuwa ni wema. Ila kiinua mgongo, mahari ya binti, na pesa ya karo havipelekwi huko.